Barua kwa mwanangu aliyekabidhiwa hela za watu

Marangu, Jumapili jioni

Neema mwanangu,

Salamu za nyumbani utazikuta mbele. Mama yako alinisomea ujumbe wako, halafu nikamwomba simu nikausoma mwenyewe. Misri, mama! Nilifurahi mpaka nilipofika pale chini ulipoandika kwamba wamekuchagua wewe ushike hela za bakshishi za kikundi kizima. Hapo nikaiweka simu mezani. Watu ishirini na wanne, kila mtu dola 70. Nimepiga hesabu nyuma ya kalenda ya usharika, ni dola 1,680. Hizo ni zaidi ya milioni nne za kwetu, ziko kwenye mkoba wa mtu mmoja, ugenini, na katika wote utakaowapa hakuna hata mmoja atakayekuandikia risiti.

Ningekupigia, lakini kwenye simu huwa unasema "ndiyo baba, ndiyo baba" huku unapika. Barua utaisoma. Anakuletea huyu mtoto wa jirani anayerudi chuo.

Ile ya kikoba siiandiki. Unaijua wewe, mama yako anaijua, mimi nilikuja kuijua wa mwisho. Nasema tu kwamba mtu aliyewahi kufidia upungufu wa wenzake kwa mshahara wake, kimya kimya, hakutakiwa kuitikia kazi hii kabla hajauliza hela zitakaa wapi na nani mwingine atazijua. Lakini pia nasema hivi: kikundi kina wazee wa kanisa, kina yule mhasibu uliyemtaja, kina walimu wakuu wastaafu, na wote wakatazamana wakasema Neema. Nimemwambia jirani. Leo baada ya ibada nimemwambia na mchungaji. Mama yako anasema najisifu kwa mambo ya mtoto, basi na aseme.

Sasa sikiliza. Hela za watu usizichanganye na zako. Najua unajua. Kila mtu anajua, mpaka siku ana noti ya dola mia ya kwake, anataka maji ya pauni ishirini, na ndani ya bahasha ya watu kuna noti ndogo zimejipanga vizuri. Anachukua "nitarudisha hotelini". Jioni amechoka, miguu imevimba, kesho alfajiri wanaondoka. Hapo ndipo hesabu inapoharibika, na wala hakuna mwizi. Mama yako anakushonea kijimfuko cha kitambaa chenye zipu cha kuvaa ndani ya nguo. Hicho ni cha hela za kikundi peke yake. Zako ziweke pengine kabisa. Ukiishiwa njiani, kopa kwa mwenzako, mtu mwenye jina na mdomo wa kukudai, usikope kwenye ule mfuko.

Na kukusanya kufanyike Dar, si uwanja wa ndege, si Addis Ababa mnakobadilisha ndege huku watu wanatafuta mlango namba ngapi. Wiki mbili kabla, baada ya kikao cha maandalizi, kaa mezani na huyo mhasibu. Mtu anakuja, anatoa, mnahesabu wawili, mnaandika jina, anaweka sahihi yake. Asiyetoa siku hiyo anajua bado. Kama yupo asiyekuwa nazo (lazima yupo, kuna bibi ambaye watoto wamejibana kumlipia safari na hawakujua kuna la ziada), mmalizane naye pembeni na jina lake lisisomwe mbele za watu. Kwenye grupu la WhatsApp usiandike kabisa nani kalipa na nani hajalipa. Mambo hayo ndiyo yanayofanya watu warudi kutoka hija hawasalimiani.

Dola zenyewe zikague. Yenye pembe iliyochanika, yenye muhuri, yenye maandishi ya kalamu, irudishe palepale mezani kwa aliyeileta. Unakumbuka biro zetu za kubadilishia fedha pale Moshi zilivyokuwa zinakataa noti zilizochapwa kabla ya 2006? Mgumu, yaani mpagazi wa Mlima Kilimanjaro, anashuka kutoka Kibo na hiyo noti ameikunja ndani ya soksi, anaipeleka dirishani, dada anaigeuza, anasoma mwaka pale chini kwa kidole, 1996, anairudisha. Noti ni halali na aliyeitoa aliitoa kwa moyo, ila kwa yule kijana si hela. Ukitoa bakshishi ambayo mtu hawezi kuitumia, umempa kazi nyingine ya kufanya.

Na sarafu za kigeni ni hivyo hivyo. Lile kopo la kahawa juu ya kabati, lenye senti za dola na yuro na pauni za Kiingereza, bado lipo. Hakuna biro inayopokea sarafu. Nasikia hata huko Misri wafanyakazi wa hotelini huwafuata wageni na viganja vimejaa sarafu za yuro, wanaomba wabadilishiwe wapewe noti. Ukifuatwa hivyo usidhani ni ujanja, huyo anahangaika kuifanya bakshishi yake iwe hela. Ukiwa na noti ya yuro tano, mbadilishie.

Nina neno na orodha uliyonitumia, ile ya "kiasi cha kutoa". Imeandikwa lini? Inasema pauni tano kwa mbeba mizigo na kumi kwa dereva wa gari dogo. Hizo ni za zamani. Mwezi wa tatu 2024 Misri iliiachia pauni yake ielee, na dola iliyokuwa kwenye pauni 31 hivi ikapanda kwa siku moja hadi karibu 50. Bei za vitu kule zimepanda, lakini orodha za watalii zinaendelea kunakiliwa zilivyo. Kwa hesabu ya dola moja pauni hamsini, pauni tano ni kama shilingi mia mbili na hamsini. Chooni inaweza kupita. Kwa mtu aliyepandisha masanduku yenu ghorofani ni matusi. Usiipokee orodha kwa sababu imetoka kwa kiongozi wa safari iliyopita. Siku unayofika tazama dola inabadilishwa kwa ngapi, halafu ujipangie upya.

Ukifika Cairo, badilisha sehemu ya hela kwenye benki za palepale uwanjani, na usiondoke dirishani na noti za mia mbili tupu. Mashine nazo hutema mia na mia mbili, ambazo kwa bakshishi hazikufai. Omba kumi, ishirini na hamsini. Wakikwambia hawana, ngoja, omba tena kwa upole, una haki ya kupoteza dakika tano. Asiye na chenji Misri anatoa mara mbili ya alichokusudia, au hatoi kabisa na anajifanya anatazama simu. Nimewaona wote wawili huku kwetu mlimani, na yule wa simu ndiye aliyeniudhi zaidi.

Noti zao upande mmoja zina maandishi ya Kiingereza na upande wa pili Kiarabu. Tano yao imekaa kama sifuri yetu, na sifuri yao ni nukta tu. Kwa hiyo hamsini utaiona ni duara na nukta. Ila kuna noti ndogo ya piasta hamsini, yaani nusu pauni, na kuna noti ya pauni hamsini. Mtu akikurudishia chenji kwa haraka gizani anaweza kukupa ile ya nusu pauni mahali pa hamsini nzima. Usigombane. Simama, geuza upande wa Kiingereza, soma, mwonyeshe. Atabadilisha.

Kingine cha hotelini. Aliyetandika kitanda chako Jumatatu huenda Alhamisi mnapoondoka yuko mapumzikoni. Kwa hiyo hela ya chumba iachwe kila asubuhi, kila mtu aiache kwa mkono wake mwenyewe, usijitwishe wewe vyumba kumi na viwili. Kwenye hizo dola 70 kuna fungu la hoteli, sawa, lakini wagawie mapema noti ndogo kila chumba, waandike wamepokea, yaishe. Ukipunguza unachobeba unapunguza pa kukosea.

Kubwa ni la mwongozaji na dereva. Wengi wanatia zote kwenye bahasha moja, wanampa mwongozaji siku ya mwisho, wanapiga makofi, wanaomba dua, wanashuka. Mama, usifanye hivyo. Hela inayopita kwenye mikono mingi inakonda. Kwenye mlima tulikuwa na wapagazi wanaopimiwa mzigo getini, kilo 20, wakapanda nao mpaka Kibo na kushuka, halafu bakshishi yote ya kikundi inakabidhiwa kwa kiongozi mkuu mmoja, mgeni anapanda gari, na kule nyuma ya jengo ndipo ugawaji unafanyika. Kilichosemwa mbele ya mgeni na kilichofika mkononi mwa mgumu wa mwisho vilikuwa vitu viwili. Usiniulize nimejuaje. Wako wazee hapa Marangu ambao nikikutana nao njia ya mto mpaka leo tunasalimiana kwa kifupi.

Siku hizi wageni wenye kuelewa wanatangaza kwa sauti asubuhi ya mwisho pale Horombo, kila kundi na fungu lake, wapagazi kiasi hiki, mpishi kiasi hiki, wote wanasikia kabla hela haijatoka mfukoni. Nawe fanya hivyo ndani ya basi. Bahasha ya dereva iwe ya dereva, jina lake juu, mkononi mwake, mbele ya watu. Dereva wenu atawavusha chini ya Mfereji wa Suez kwa lile handaki la Ahmed Hamdi, halafu awaendeshe jangwani mpaka St Catherine, njia nzima ni zaidi ya kilomita 400 na vizuizi vya ukaguzi haviishi. Mwongozaji anaongea na kipaza sauti, mnampenda, mnapiga naye picha. Dereva mnauona mgongo wake tu. Uliza jina lake siku ya kwanza uliandike.

Huyo mwongozaji pia atawapeleka kwenye duka la michoro ya mafunjo na la manukato, na mkinunua anapata chake. Usinune, hata madereva wa utalii hapa Moshi wanajua duka lipi la vinyago linawakumbuka. Mnywe chai, mtazame, mshukuru, hamlazimiki kununua. Na yale mafunjo ya mitaani ya bei rahisi, mengine ni karatasi ya mgomba. Mtoto wa Marangu ukinunua mgomba Misri usirudi nao hapa.

Sasa Sinai. Hapo ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu hapo nawaona wenzangu. Jebel Musa, yaani Mlima Sinai wenyewe, ni mita 2,285, chini hata ya kibanda cha kwanza cha Mandara huku kwetu Kilimanjaro, wala hautakushinda. Lakini mtaupanda usiku ili mlione jua likichomoza, na mwezi wa kumi na moja kule juu ni baridi ya kweli, kwa hiyo waambie wale mama zako waache kubeba vitenge tu. Kila kikundi kinapewa mwongozaji wa Kibedui. Wengi wao ni wa kabila la Jabaliya, waliohudumia ile nyumba ya watawa ya St Catherine tangu karne ya sita, zama za Kaisari Justiniani aliyeijenga. Mzee mmoja wao atatembea mbele yenu gizani na viatu vyepesi, haongei, na kila mkipumzika atakuwa amesimama. Watu watamsahau, kwa sababu mkishuka asubuhi kila mtu anataka chai na choo na basi. Bahasha yake iandae jana yake usiku, uiweke mfuko wa mbele wa koti. Umpe mkifika chini, kabla hujakaa.

Ngamia wapo njiani. Bibi mwenye magoti atahitaji. Bei isemwe kabla hajapanda, isemwe na ni mpaka wapi, maana ngamia huishia chini ya zile ngazi za mwisho, kama 750 hivi, na hapo mtu anapanda kwa miguu yake. Muulize kama bei ni ya kwenda tu au na kurudi. Hela ilipwe mtu akiwa ameshashuka mgongoni. Kule kwenye mapiramidi ya Giza, karibu na Cairo, kuna mchezo unaojulikana sana: kupanda ngamia ni rahisi, kumfanya apige magoti ushuke ndiyo bei nyingine. Mwongozaji wenu awepo mnapokubaliana. Na yule kijana anayevuta kamba ya ngamia usiku kucha mara nyingi si mwenye ngamia. Bei inaenda kwa mwenye ngamia. Noti ya pauni hamsini au mia mkononi mwa kijana huyo, moja kwa moja, bila kupitia kwa yeyote. Hii nakuomba kama baba, hata kama itatoka kwenye hela yako.

Ila isiwe kwenye hela ya kikundi kama haikupangwa! Unaona ninavyorudi palepale. Utakuta watu wa kuhurumiwa kila kona: watoto wa vikuku vya shanga, mlinzi wa makaburi atakayekuvuta pembeni akuonyeshe mchoro halafu anyooshe mkono, mama mwenye mtoto nje ya kanisa la Abu Serga huko Cairo ya zamani. Moyo wako naujua, umerithi kwa mama yako. Toa, lakini toa chako. Siku utakayotoa cha watu kwa huruma yako, umefanya sadaka kwa mfuko wa jirani, na jioni utafidia kimya kimya kama kawaida yako. Na mlinzi anayekuita mahali palipofungwa akupe ruhusa ya kupiga picha usimfuate, hata kama anatabasamu. Sema "la, shukran" na uendelee kutembea. Hayo maneno mawili huhitaji kufundishwa.

Wapo watakaokuambia, "Sisi tumekuja kuhiji si kutalii, tumeshalipa kila kitu, Mungu atawalipa." Utawasikia tu, hasa yule anayenunua dhahabu. Nimewahi kupandisha kikundi cha wamisionari waliotuombea kila asubuhi na kila jioni, maombi marefu mpaka uji unapoa, na siku ya mwisho wakatupa kofia. Kofia nzuri. Watoto walikuwa wamefukuzwa ada wiki ile. Sisemi waliomba vibaya. Wewe ukisikia hiyo hoja usibishane kwenye basi, fungua daftari useme, "Hili tulilipitisha kwenye kikao, na sahihi yako hii hapa." Ndiyo sababu nikakuambia sahihi.

Daftari lenyewe nunua dogo, la kuingia mkobani, lenye jalada gumu. Kila usiku kabla ya kulala, hata kama macho yanafumba: tarehe, nani amepewa, kiasi gani, pauni au dola, kilichobaki. Mhasibu atie sahihi. Ukikuta imepungua pauni ishirini, andika imepungua pauni ishirini. Usiweke zako kuziba. Nimesema usiweke zako kuziba, Neema. Upungufu ulioandikwa ni jambo la watu wazima kuzungumza, upungufu uliozibwa unakuwa siri yako peke yako, na mwaka unaofuata wanakuchagua tena.

Kikibaki kitu mwisho, msikiache "kwa ajili ya kamati". Kamati ni nani? Mkiwa Addis mnasubiri ndege ya Dar, wasomee hesabu yote, kilichobaki kigawanywe kwa ishirini na wanne hata kama ni dola moja moja. Au waamue wenyewe papo hapo kiende wapi, uandike. Usifike Dar na hela ya mtu.

Kuhusu kubeba: usiku mfuko ukae kwenye kasha la chuma la chumbani kama lipo, na chukua za siku hiyo tu. Fungu kubwa la mwongozaji na dereva, lile la mwisho, mpe mhasibu akae nalo kuanzia siku ya kwanza, kwenye bahasha iliyogundishwa na sahihi zenu mbili juu ya gundi. Msitembee nalo pamoja. Usihesabu hela kwenye ukumbi wa hoteli wala kwenye kiti cha basi. Na kabla hujaondoka nenda benki kwako uwaambie unasafiri, waifungue kadi ifanye kazi nje. Mashine ya Misri ikikuuliza ikukate kwa shilingi au kwa pauni, chagua pauni. Ile ya shilingi wanaipanga wao bei wanayotaka.

Nimekutumia laki moja kwenye simu. Ni ya kwako ya bakshishi, si ya zawadi, usinunue kitu cha kuniletea. Nenda kabadilishe uongeze. Ukimpa yule kijana wa kamba ya ngamia ujue na mimi nimempa.

Ya hapa nyumbani ni hivi. Ng'ombe amezaa, dume tena. Maziwa yapo, mama yako anauza lita mbili kwa mwalimu. Tangi la maji limepata ufa chini upande wa migomba, fundi alikuja akaangalia, akataja bei, akaenda. Nimemwambia nitaziba kwa saruji mwenyewe, mama yako anacheka. Kahawa tumepeleka kidogo chama cha msingi, nyingine iko juani, mvua hii ya vuli inatusumbua, tunaanika na kuanua siku nzima. Mdogo wako hajaleta ile hela ya paa. Usimsemeshe, nitasema naye mimi akija Desemba. Ila kama anakusikiliza wewe, basi msemeshe.

Mtoto mlete mapema, usimlete siku moja kabla ya safari akalia usiku kucha na sisi wazee. Mlete wiki nzima kabla, azoee. Daftari lake la shule lije naye, na ile dawa ya kifua, na uandike kwenye karatasi anapewa saa ngapi, maana mara ile uliniambia kwa mdomo na mama yako akaniambia vingine. Viatu vya mvua anavyo hapa, ila sidhani kama vinamtosha tena. Nitampima nikuambie namba.

Mama yako anasema umletee mafuta ya nyumba ya watawa kama yanauzwa, na nimemwambia asikutwike. Anasema pia nimeandika kama karani wa mahakama. Yeye ana neno moja tu kwako, ule vizuri na usinywe maji ya bomba.

Kesho Jumatatu pita benki uulizie noti za dola moja na tano. Usingoje, hazipatikani kirahisi, na wakikuambia wiki ijayo ujue ni wiki mbili. Wakizikosa nipigie, kuna kijana mmoja hapa getini bado anapandisha wageni, anazo nyingi na biro wanamkata wakizibadilisha. Atafurahi tukimpa shilingi kwa bei ya noti kubwa.

Baba yako